Insha Inapokwama: Dalili, Vyanzo na Tiba kwa Mtahiniwa

Mwanafunzi anaporudishiwa insha yenye alama 7 kati ya 20, jicho lake hukimbilia mistari myekundu, na kwa kuwa mistari hiyo imepigwa chini ya maneno, huhitimisha kwamba tatizo lake ni lugha. Hutafuta kijitabu cha misemo, hukariri tashbihi mpya, kisha huandika insha nyingine ambayo nayo hupata alama 7. Bidii anayo, ila ametibu mahali pasipouma. Makosa mengi yanayoonekana ukurasani yalizaliwa hatua moja au mbili kabla ya ukurasa huo, ama swali liliposomwa kwa pupa, ama dakika za kupanga ziliporukwa. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na kile ambacho mwanafunzi au mwalimu wake anakiona, halafu unarudi nyuma kutafuta kilichokisababisha.

Mifano imejengwa juu ya Karatasi ya Kwanza ya Kiswahili, yaani 102/1, katika mtihani wa kumaliza shule ya upili, KCSE, unaosimamiwa na Baraza la Mitihani la Kenya. Karatasi hiyo huchukua saa 1 na dakika 45 na ina maswali manne. La kwanza ni la lazima, na mtahiniwa huchagua jingine moja kati ya matatu yanayosalia. Kila insha ina alama 20 na haifai kupungua maneno 400. Mtahini huisoma insha nzima akizingatia maudhui, mtindo, msamiati, sarufi na hijai, yaani uandishi sahihi wa maneno, ndipo aiweke katika kiwango chake: A ni alama 16 hadi 20, B ni 11 hadi 15, C ni 6 hadi 10, na D ni 1 hadi 5. Utaratibu huo wa kusoma kwanza na kukadiria baadaye ndio unaoeleza kwa nini mtu hawezi kutoka C kwa kurekebisha maneno mawili matatu, kwani kiwango huamuliwa na insha ilivyo kwa jumla. Mwanafunzi wa Tanzania ana karatasi ya muundo tofauti na idadi tofauti ya maneno, lakini dalili atakazozikuta hapa atazitambua.

Lugha ni nzuri, ila alama ni mbaya

Hii ndiyo dalili inayowaudhi wanafunzi kuliko zote, na mara nyingi mwenye kuipata ni yule anayesifiwa darasani kwa Kiswahili chake. Ukurasa hauna makosa mengi, aya zimepangika, methali zipo, na bado insha imewekwa D. Chanzo huwa ni kupotoka: mtahiniwa amejibu swali ambalo hakuulizwa.

Chukua swali hili: "Matumizi ya simu shuleni yameleta madhara mengi kuliko manufaa kwa wanafunzi wa shule za upili. Jadili." Mwanafunzi aliyesoma kwa haraka huona neno "simu" na neno "manufaa", akashika kalamu. Ataeleza jinsi mama mboga anavyopokea malipo kwa M-Pesa, jinsi watu wanavyowasiliana na jamaa zao walio ng'ambo, na jinsi mkulima anavyopata bei ya mahindi bila kwenda sokoni. Yote hayo ni kweli, tena yanaweza kuandikwa kwa ufasaha, lakini mama mboga si mwanafunzi na soko si shule.

Swali hilo lina vipande vitano ambavyo kila kimoja kinabana kitu. "Matumizi ya simu" hutaja jambo lenyewe. "Shuleni" hutaja mahali, kwa hiyo simu inayotumiwa nyumbani wakati wa likizo haimo. "Wanafunzi wa shule za upili" hutaja wanaohusika, na hivyo huwatoa walimu, wazazi na watoto wa chekechea. "Kuliko" hudai ulinganisho, maana yake orodha ya madhara peke yake haitoshi. "Jadili" nalo ni agizo: leta pande mbili, kisha useme unasimama wapi. Agizo lingekuwa "Thibitisha ukweli wa kauli hii", mtahiniwa angebaki upande mmoja. Lingekuwa "Eleza", hangelazimika kupinga chochote. Wengi hulipuuza neno hili la mwisho kwa sababu limezoeleka mno, ilhali ndilo linaloamua umbo la insha nzima.

Tiba yake ni nafuu. Pigia mstari kila kipande, halafu andika swali upya kwa maneno yako mwenyewe kwenye ukurasa wa nyuma, kama ambavyo ungemwelezea mdogo wako. Baada ya kuorodhesha hoja zako, ipitishe kila moja katika mtihani mmoja: je, nikiongeza mwishoni maneno "kwa mwanafunzi wa upili akiwa shuleni", sentensi bado inaleta maana? Hoja ya bei ya mahindi itaanguka papo hapo. Hoja ya mwanafunzi anayeingia kwenye intaneti kutafuta picha za mfumo wa mmeng'enyo wa chakula kabla ya kipindi cha Biolojia itabaki.

Kuna chanzo cha pili cha dalili hiyohiyo, nacho ni insha iliyokaririwa. Kila mwalimu wa Kiswahili ameikuta ile insha ya ajali ya barabarani ambayo mwenyewe huibeba kutoka kidato cha kwanza hadi cha nne, akiipachika popote patakapo: swali likiwa la urafiki, marafiki wanapata ajali; likiwa la ufisadi, afisa wa trafiki anahongwa kisha basi linabingirika. Mtahini huitambua katika aya ya pili, kwa sababu maelezo huwa mengi na ya kina pale ambapo swali halikuuliza, na huwa finyu pale ambapo swali limeuliza. Ukijikuta unatafuta njia ya kuingiza kisa unachokijua ndani ya swali usilolijua, hiyo ni ishara kwamba umechagua swali lisilokufaa. Rudi kwenye yale mengine mawili.

Dakika kumi zimepita na karatasi ni nyeupe

Mwanafunzi husema hana la kuandika. Ukimuuliza kwa mdomo kuhusu mada ileile, atazungumza dakika tano bila kusita. Basi kinachokosekana si mawazo. Mara nyingi amekwama kwa sababu anatafuta sentensi ya kwanza kabla ya kujua ya kumi itasema nini, na sentensi ya kwanza ndiyo ngumu kuliko zote.

Mwache aanze katikati. Kwenye ukurasa wa mwisho wa kijitabu cha majibu aandike mada, kisha aorodheshe kwa dondoo fupi chochote kinachomjia: neno moja, maneno mawili, bila kujali ufasaha wala mpangilio. Akipata kumi, afute tatu zilizo dhaifu au zinazorudia nyingine. Zinazobaki azipe nambari kulingana na uzito au kulingana na wakati, na hapo mpango umekamilika. Utangulizi utajiandika wenyewe, kwa kuwa sasa anajua anamkaribisha msomaji wapi. Ukurasa huo wa mpango upigwe mstari mmoja wa kukatiza kabla ya kukusanya karatasi, ili mtahini asidhani ni sehemu ya jibu.

Wapo wanaoona kupanga ni kupoteza muda. Mwenye mawazo hayo atazame insha zake za zamani na ahesabu ni mara ngapi alifuta aya nzima, au aligundua kwenye ukurasa wa tatu kwamba hoja ya tano ni ileile ya pili iliyovishwa maneno mengine.

Insha haifiki maneno 400

Hapa tiba inayotolewa kimakosa ni kuandika kwa herufi kubwa, kuacha nafasi pana baina ya maneno, au kurefusha hitimisho. Mtahini anajua kukadiria idadi ya maneno kwa kuhesabu ya mistari michache na kuzidisha, kwa hiyo ujanja huo haumfikishi mtu mbali. Chanzo cha ufupi kimo ndani ya aya. Tazama aya hii:

"Simu huwafanya wanafunzi kupoteza wakati. Mwanafunzi akiwa na simu hawezi kusoma. Hili ni jambo baya sana."

Haina kosa la sarufi, lakini imetaja hoja na kuikimbia. Sentensi ya pili inarudia ya kwanza, na ya tatu inatoa hukumu ambayo msomaji hajaonyeshwa sababu yake. Hoja nane za namna hiyo hazifiki maneno 130. Sasa ilinganishe na hii:

"Simu humnyang'anya mwanafunzi saa za kujisomea. Katika shule za bweni, kipindi cha jioni ndicho wakati pekee ambapo mwanafunzi hujisomea bila mwalimu, hivyo anayeificha simu ndani ya kitabu cha Historia huonekana anasoma ilhali anatazama video. Asubuhi yake hana zoezi la kuwasilisha, na akiulizwa swali darasani huomba msaada wa jirani. Muhula ukiisha, pengo hilo hujitokeza kwenye matokeo, na mzazi aliyemnunulia simu hiyo kwa nia njema hubaki akijiuliza fedha zake zilikwenda wapi."

Aya ya pili ina karibu maneno 70, na hakuna hata moja lililowekwa kwa ajili ya kujaza. Imesema hoja, ikaeleza jambo hilo hutokea vipi, ikaonyesha kitu ambacho msomaji anaweza kukiona kwa macho, yaani kile kitabu cha Historia, kisha ikafuata matokeo yake hadi kwa mtu mwingine. Hoja sita za kiasi hicho huvuka maneno 400 kabla ya kuhesabu utangulizi na hitimisho. Mwanafunzi anayeandika kwa ufupi ajizoeze kuikaba kila hoja kwa maswali matatu: vipi, kwa mfano nani, na kisha ikawaje. Akikosa majibu, hoja hiyo ilikuwa dhaifu tangu mwanzo na ingefaa ibadilishwe wakati wa kupanga.

Utangulizi umeimeza insha

"Ilikuwa siku ya Jumamosi. Jua lilikuwa limechomoza kutoka mashariki kama ilivyo ada yake. Ndege walikuwa wakituliwaza kwa nyimbo zao tamutamu. Nilirauka alfajiri na mapema, nikapiga mswaki, nikaoga, nikastaftahi kwa chai na mkate wa siagi, kisha nikavalia mavazi yangu yaliyopigwa pasi yakapigika."

Ukurasa mzima umekwisha na hakuna lililotendeka. Jua kwa hakika limechomoza mashariki, na hakuna msomaji aliyetarajia lichomoze kwingine. Tusimlaumu mwanafunzi peke yake, kwa sababu mapambo haya alifundishwa katika shule ya msingi, akasifiwa kwayo, na akapigiwa makofi aliposoma insha yake mbele ya darasa. Yalimfaa alipokuwa anajifunza msamiati wa asubuhi. Kwa mtahiniwa wa kidato cha nne yamegeuka kinga dhidi ya kufikiri: mkono unaandika huku akili ikingoja kisa kianze.

Kipimo ni rahisi. Funika aya ya kwanza kwa kiganja, usome kuanzia ya pili. Msomaji asipopoteza chochote, aya hiyo haikuwa utangulizi. Katika insha ya kisa, anza pale ambapo kitu kinabadilika: simu inalia usiku wa manane, mwalimu mkuu anaita jina lako kwenye gwaride, mlango uliofungwa unakutwa wazi. Asubuhi na chai yake vikiwa na umuhimu, kwa mfano kama chai ndiyo iliyotiwa sumu, hapo vina haki ya kutajwa. Katika insha ya hoja, sentensi tatu au nne zinatosha kuileta mada, kuonyesha kwa nini inajadiliwa, na kudokeza insha itaelekea wapi.

Ndugu ya tatizo hili ni mrundo wa methali na nahau. Wanafunzi wameambiwa kwamba ukwasi wa lugha huongeza alama, na ni kweli huongeza, wakaelewa kwamba ukwasi ni wingi. Matokeo yake ni aya ambamo wahenga "hawakuambulia patupu waliponena" mara tatu katika mistari kumi. Baya zaidi ni nahau inayokuja na hisia zisizo zake, kama katika sentensi hii: "Habari za kifo cha baba ziliponifikia, kitumbua changu kiliingia mchanga." Nahau hiyo ni ya mtu aliyeharibikiwa na jambo alilolitarajia, kama safari iliyovunjika au kazi aliyonyimwa dakika ya mwisho. Ikiwekwa kwenye msiba, mtahini huona mtu aliyekariri orodha bila kujua watu huitumia lini. Dawa ya hali hii haipatikani katika kijitabu cha misemo, kwa sababu kijitabu hutoa maana na kuacha mazingira. Hupatikana kwa kusikiliza na kusoma: magazeti ya Kiswahili, riwaya zilizoteuliwa, taarifa za redioni, wazee wanaozungumza. Ukishaikuta nahau katika mazingira matatu tofauti, itumie. Kabla ya hapo, sentensi ya kawaida iliyo sahihi ina thamani kubwa zaidi.

Sura ya swali la lazima imeharibika

Swali la kwanza hutaka utungaji wa kiuamilifu, kama vile barua rasmi, kumbukumbu za mkutano, ripoti, hotuba, mahojiano, tahariri, wasifu au tawasifu. Aliyekosa sura huadhibiwa kwa alama zinazotengwa kwa sura, ambazo katika miongozo mingi ya kusahihisha hufika 4, na hizo zinaondolewa hata kama maudhui ni mazuri. Ni hasara ya kusikitisha kwa sababu sura haihitaji kipaji, inahitaji kukumbukwa.

Chanzo huwa ni kuchanganya tungo zinazokaribiana. Ripoti huandikwa kama kisa cha ziara. Hotuba huandikwa kama insha ya hoja, bila kuwatambua waliohudhuria kwa vyeo vyao wala alama za usemi. Wasifu, unaoandikwa kuhusu mtu mwingine kwa nafsi ya tatu, hugeuka tawasifu katikati ya ukurasa. Tungo inayoumiza wengi ni kumbukumbu, kwa hiyo inafaa tuitazame kwa karibu.

Kichwa cha kumbukumbu hutaja chama au kamati, mahali, tarehe na saa ya mkutano. Baada yake huja mahudhurio katika mafungu: waliohudhuria pamoja na vyeo vyao wakianzia kwa mwenyekiti, waliotuma udhuru, wasiohudhuria bila udhuru, na waalikwa kama walikuwapo. Ajenda hufuata. Halafu kumbukumbu zenyewe, kila moja ikiwa na nambari na kichwa kidogo, zikianza na kufunguliwa kwa mkutano, kusomwa na kuthibitishwa kwa kumbukumbu za mkutano uliotangulia, yaliyotokana na kumbukumbu hizo, kisha masuala mapya ambayo ndiyo hasa swali linayataka, shughuli nyinginezo, na kufungwa. Mwishoni huachwa nafasi za jina, sahihi na tarehe za mwenyekiti na katibu. Kosa la kawaida ni kutumia ukurasa mzima kwenye majina na sala ya ufunguzi, huku masuala mapya, yaliyo uti wa mgongo wa maudhui, yakipewa mistari minne. Kosa jingine ni kuyaandika kama mazungumzo: "Mwenyekiti alisema… katibu akajibu… ndipo mweka hazina akacheka." Kumbukumbu huhifadhi lililoafikiwa na nani atalitekeleza; vicheko havimo.

Kwa barua rasmi kagua anwani mbili, tarehe, mtajo, kichwa cha mada, na hitimisho lenye sahihi kisha jina. Kwa tahariri kagua jina la gazeti, tarehe, mada, na jina la mhariri mwishoni. Njia bora ya kuzizoea sura hizi ni kuchora mifupa yake mitupu mara moja kwa wiki, bila maudhui, jambo lisilomaliza dakika tano.

Kisa ni kizuri, lakini methali imebaki nusu

Swali linapotoa methali, kisa lazima kizibebe pande zote mbili za methali hiyo. Anayeshughulikia upande mmoja huhesabiwa kuwa amepungukiwa kimaudhui, hata akisimulia kwa ustadi. Chukua "Mchelea mwana kulia hulia yeye." Visa vingi vinavyoandikwa kwa methali hii humfuata mtoto: anadekezwa, anaacha shule, anaingia kwenye mihadarati, anafungwa jela. Msomaji anamhurumia mtoto, kisa kinaisha, na aliyetakiwa kulia hajalia. Methali inamhusu mzazi toka mwanzo hadi mwisho. Yeye ndiye anayechelea, na yeye ndiye anayelia. Mtoto yumo katikati kama njia tu.

Tiba ni kugawa karatasi ya mpango mara mbili kwa mstari wa wima. Kushoto andika "mchelea mwana kulia", chini yake matendo ya mzazi: anampinga mwalimu aliyemwadhibu mwanawe, analipa deni la mtoto kwa siri, anamkaripia shangazi anayethubutu kuonya. Kulia andika "hulia yeye", chini yake yanayompata mzazi mwenyewe: shamba linauzwa kulipia dhamana, anazeeka peke yake, yule shangazi hapigi hodi tena. Upande mmoja ukibaki mtupu, usianze kuandika. Kuhusu maana na matumizi ya methali katika aya ya kwanza, wanaotoa hawakosei, lakini maana hiyo haiwezi kufidia kisa kilichoegemea upande mmoja.

Insha ya mdokezo ina ugonjwa unaofanana na huo. Swali linasema malizia kwa maneno: "…nilipoinua macho nilimwona akinitazama huku machozi yakimlengalenga, nikajua kwamba amenisamehe." Mwanafunzi huandika kurasa mbili kuhusu safari ya kwenda mjini, kisha akaubandika mwisho huo ambao haumtambui mhusika yeyote. Dalili ni nafsi inayobadilika ghafla kutoka "yeye" hadi "mimi" katika mstari wa mwisho. Panga kuanzia mwishoni ukirudi nyuma: msimulizi ni mimi, kuna mtu niliyemkosea, kosa ni kubwa kiasi cha kumtoa machozi, nilikuwa nimeinamisha kichwa, kwa hiyo tulikuwa tumeketi au nimepiga magoti mbele yake. Mdokezo umekwisha kukupa nusu ya kisa, na kilichobaki ni kuvumbua kosa lenyewe. Maneno uliyopewa yaandikwe yalivyo, bila kuongeza wala kupunguza.

Mistari myekundu kila mahali

Sasa tunaweza kuzungumzia lugha. Makosa ya sarufi na hijai huonekana kuwa mengi mno kutibika, lakini ukiyapanga kwa aina utagundua kwamba mwanafunzi mmoja huwa na aina nne au tano tu anazozirudia. Yupo anayeandika kama anavyozungumza mtaani na kuvunja upatanisho wa kisarufi: "hiyo vitabu", "rafiki yangu ilikuja", "gari mingi". Yupo anayerudisha kirejeshi mara mbili, "mwanafunzi ambaye aliyechelewa", badala ya "ambaye alichelewa" au "aliyechelewa". Yupo anayeongeza kihusishi mahali ambapo kiambishi cha mahali kimeshatosha, kama "katika shuleni". Yupo anayetenganisha au kuunganisha maneno visivyo: "ili bidi", "nime enda", "kwasababu". Na wapo ambao sauti za lugha ya mama zinawapokonya herufi, wakaandika "apana", "nithamu", "dhamani", au kuzibadilisha l na r.

Usijaribu kuyarekebisha yote kwa pamoja. Chukua insha zako tatu zilizosahihishwa, orodhesha kila kosa mara moja, liweke katika aina yake, kisha chagua aina tatu zinazojirudia zaidi. Kumbuka kwamba mtahini kwa kawaida hulitia alama kosa lilelile linapotokea mara ya kwanza, kwa hiyo mstari mmoja chini ya "apana" unaweza kuwakilisha makosa manane ya aina hiyo. Unapopitia insha mpya, isome mara moja kwa ajili ya aina hizo tatu pekee, ukitazama kila nomino na kinachoifuata. Kuisoma "kwa jumla" hakusaidii, kwa sababu jicho husoma ulichokusudia na kuruka ulichoandika. Nyumbani, soma kwa sauti. Sikio husikia "hiyo vitabu" kabla ya jicho kuliona.

Sheng, lugha ya vijana wa mitaani, ni suala jepesi kuliko linavyofanywa. Wengi wanajua vizuri kwamba "mathe" na "msee" hayana nafasi katika barua rasmi, na hayawaponyoki. Yanayoponyoka ni maumbo yake, hasa upatanisho uliolegea, na hayo yametajwa tayari.

Insha ya pili imeishia njiani

Saa 1 na dakika 45 ni dakika 105. Tumia 5 kusoma maswali yote na kuchagua, kisha 50 kwa kila insha: 8 za kupanga, 36 za kuandika, na 6 za kupitia. Anayekosa muda karibu kila mara amekopa kutoka insha ya pili ili kuipamba ya kwanza, na deni hilo halilipwi vizuri, kwa kuwa kutoka alama 14 hadi 15 katika insha ya kwanza huhitaji jasho jingi kuliko kutoka 5 hadi 10 katika ya pili. Weka saa yako mezani kama inaruhusiwa, au tazama ya ukutani, na dakika ya 55 ikifika hamia insha ya pili hata kama hitimisho la kwanza bado halijakupendeza. Hitimisho la sentensi mbili zinazosema msimamo wako linatosha. "Mwisho" na "Asante kwa kusoma insha yangu" hayaongezi kitu.

Ikitokea zimebaki dakika kumi na insha ya pili ina aya mbili tu, usiongeze kasi ya mkono, kwani mwandiko utaharibika na makosa yatazidi. Punguza mpango. Kati ya hoja zilizosalia chagua mbili zenye nguvu, ziandike kwa aya kamili zenye mfano, na uache dakika mbili za kufunga. Ikiwa ni kisa, ruka hadi tukio la mwisho kwa sentensi moja ya kuunganisha, mradi upande wa pili wa methali au maneno ya mdokezo yaonekane ukurasani. Na ikiwa uliliacha swali la lazima liwe la pili, andika kwanza sehemu ya chini ya utungo huo, yaani sahihi, jina, cheo na tarehe, ukiacha mistari ya kutosha juu yake, kisha urudi kujaza katikati.